Fadhila za Makorokoro

Kila kitu duniani, hata kiwe duni namna gani, kimekwisha kupata wa kukisifu: mnazi umesifiwa kwa maji yake na makuti yake, jahazi kwa tanga lake, farasi kwa mbio zake, na hata nzi, ambaye hakuna anayemkaribisha sinia, alitungiwa sifa na Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili aliyeandika kwa Kiyunani, akamtukuza kwa uzuri wa mbawa na kwa ushujaa wa moyo. Kwa hiyo ni dhuluma iliyo bayana kwamba makorokoro ya nyumbani, ambayo yamekaa nasi chini ya paa moja tangu siku tuliyopata paa, yakalala chini ya vitanda vyetu tukiwa wazima na tukiwa wagonjwa, na yakatuzika wengi katika sisi, hayajapata hata mara moja wakili wa kusimama mbele ya watu na kuzitaja fadhila zake. Wakili huyo nitakuwa mimi, wala sitaki ujira.

Naomba kwanza yasichanganywe na taka. Taka imekwisha hukumiwa; njia yake ya kwenda jaani inajulikana, na hakuna anayeitolea machozi. Ninayoyasifu ni yale ambayo hukumu yake huahirishwa mwaka hata mwaka: kopo la Kimbo lililojaa misumari iliyopinda, pasi ya mkaa iliyokatika mpini, inayowekwa kwa ajili ya siku umeme utakapokatika, na siku hiyo ikifika, kama ifikavyo mara kwa mara, hakuna anayeikumbuka, mwavuli uliovunjika mbavu, kalenda ya kale inayohifadhiwa kwa sababu ya picha, na senti kumi yenye tundu katikati, ya zama za East African Currency Board, ambayo kazi yake ilikwisha muda si mrefu baada ya Tanzania, Kenya na Uganda kutoa kila moja fedha yake mwaka 1966. Yapo makufuli yasiyo na funguo, na zipo funguo zisizo na makufuli, yamelala yote pamoja ndani ya mtoto mmoja wa meza miaka na miaka, na hakuna aliyethubutu kuyajaribu, kwa kuchelea yasije yakafunguka na raha ya kungoja ikakoma.

Fadhila yake ya kwanza ni uaminifu. Kitu kizima ni kigeugeu: sufuria nzuri huazimwa isirudi, simu mpya huchopolewa ndani ya daladala, doti mpya ya kanga huombwa na shemeji aliyekuja kutazama tu. Bali mwizi aingiaye usiku wa manane, akapapasa uvunguni na mkono wake ukaangukia stovu isiyo na utambi, huiacha pale pale alipoikuta, na kama ana adabu huisogeza kidogo asije akajikwaa wakati wa kutoka. Ni mali gani nyingine iliyo salama namna hii bila ya komeo, bila ya mlinzi na bila ya mbwa?

Fadhila ya pili, ambayo kwayo makorokoro yanastahili kuheshimiwa hata na watu wa dini, ni imani. Mwenye kuyaweka haamini anachokiona, huamini kilicho ghaibu. Ukimwonyesha mguu mmoja wa kiti, yeye huona kiti kizima kinachokuja. Katika jambo hili anaye mtangulizi mtukufu. Al-Jahiz wa Basra, bingwa wa nathari ya Kiarabu aliyefariki mwaka 869, ametueleza ndani ya kitabu chake cha mabakhili habari za mwanamke aitwaye Muadha al-Anbariyya, ambaye alipewa hidaya ya kondoo wa kuchinja, naye badala ya kufurahi akaonekana ameinamisha kichwa kwa huzuni. Alipoulizwa kisa chake alijibu kwamba anahofu asije akaipoteza sehemu yoyote ya mnyama yule kwa kutoijulia matumizi. Pembe aliijulia: itapigiliwa itundikiwe vikapu. Utumbo aliujulia, na ngozi, na sufu; mifupa itachemshwa itoe mafuta, kisha iwe kuni; mavi yatakauka yawe kuni vilevile. Damu ndiyo iliyomtia tashwishi, maana kuila ni haramu, wala moyo wake haukutulia mpaka alipokumbuka kwamba anavyo vyungu vipya, na kwamba chungu kipya kikipakwa damu ya moto iliyochanganyika na mafuta hudumu sana. Mahasidi watasema kwamba Muadha aliitumia kila sehemu ya kondoo wake, ilhali sisi hatujatumia hata msumari mmoja katika kopo zima. Hoja hiyo ni ya watu wenye haraka: hakuna aliyesema kwamba tumekwisha kungoja. Na Al-Jahiz mwenyewe, kama wasimulizi wanavyonena, alifikwa na mauti uzeeni kwa kuangukiwa na marundo ya vitabu vyake. Ikiwa kisa hicho ni sahihi, basi katika watu wote wenye mali, ni yeye aliyejua kwa hakika kwamba mali yake haikumwacha.

Nani angesema tena kwamba makorokoro hayana hadhi, baada ya yale yaliyoifika mifuko ya plastiki? Palikuwa na zama ambazo kila nyumba ya heshima, kutoka Mombasa hata Mbeya, ilikuwa na mfuko mmoja mkubwa uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na ndani yake mna mifuko, na ndani ya mifuko hiyo mna mifuko mingine, yote imekunjwa ikingojea safari ya sokoni ya kesho. Ilikuwa ya bure, haikutajwa katika mahari wala katika mirathi. Kisha Kenya ikaipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ile, bila ya kujongea hata shibiri moja kutoka kwenye msumari wake, ikapanda daraja kutoka kitu cha bure hata kuwa kitu cha kuogopwa na dola. Mwaka huo huo wa 2019 Benki Kuu ya Kenya iliikomesha noti ya zamani ya shilingi 1,000, ikaipa muda wa kuishi hadi tarehe 30 Septemba. Na wale waliokuwa wameificha kati ya karatasi za kale, wakaisahau, waliikuta imekuwa karatasi ya kale. Tazama insafu ya mambo: noti ilikufa kwa tangazo, na msumari uliopinda ungali hai.

Sitaki nidhaniwe kwamba nawasifia wanyonge tu. Makorokoro yanao masharifu wake, nao hukaa sebuleni katika kabati la kioo: vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, birika la chai lisilojua chai, sahani za maua ambazo zimewekewa mgeni. Mgeni huyo ni nani, na atatoka wapi, hakuna ajuaye. Wageni wote waliokwisha kuja, wakiwamo mashemeji, mashehe na wakwe, hawakuwa yeye, maana walitiliwa chai katika vikombe vya kila siku. Kwa hiyo vyombo hufutwa vumbi, hurejeshwa, na mwenye nyumba huendelea kunywa katika kikombe kilichokatika sikio. Desturi hii ina nasaba ndefu pwani. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate wakwasi walijenga zidaka, safu juu ya safu, zikachongwa kwa chokaa na kupangwa ndani yake vyombo vya Kichina vilivyoletwa na biashara ya bahari, na hapana shaka wenye nyumba hizo nao walikula katika kitu kingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate baada ya dola kuondoka, akaona zidaka zilizokuwa na vyombo zimekuwa malazi ya makinda ya ndege, akaiasa nafsi yake isighurike na ulimwengu. Mimi, kwa kuwa ni wakili na si zahidi, nachukua katika maneno hayo hoja moja tu: mahali ukipaondoa kitu, kitu kingine huingia bila ya ruhusa. Basi si bora tubaki na vikombe?

Na mahali palipo wazi huingiwa vipi, hilo tunalifahamu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wengi. Mtu wa Ulaya au wa Marekani huamka asubuhi akaazimia kuipunguza nyumba yake. Huzijaza nguo katika mfuko, huupeleka kwenye sanduku la hisani, na kurudi kwake moyo mweupe. Mfuko ule huchambuliwa, hushindiliwa katika robota la kilo 45, hupakiwa melini, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, na hufunguliwa katika soko la Gikomba au la Karume mbele ya watu walioamka kabla ya alfajiri ili wawahi nguo za kwanza. Hapo ndipo koti la baridi, lenye manyoya shingoni, ambalo halina siku yake hapa pwani kutoka Januari hata Desemba, hupata mnunuzi kwa sababu bei yake ni ndogo mno kuachwa, nalo huingia uvunguni kwetu kwa makazi ya kudumu. Nyumba moja ikapungua, nyumba nyingine ikazidi, na hesabu ya dunia ikabaki sawasawa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Marekani ikazitishia nchi hizo kuzifungia mlango wa AGOA, sheria yake iliyokuwa ikipitisha bidhaa bila ya ushuru, majirani wakarudi nyuma, na Rwanda, iliyoshika neno lake, ikaondolewa mwaka 2018 msamaha uliokuwa wa nguo zake. Nauliza kwa staha: ni vito gani, ni dhahabu gani, iliyopata kutetewa na dola kubwa kwa bidii kama lilivyotetewa koti hilo?

Wala serikali zetu hazikuyaweza makorokoro. Tarehe 9 Desemba 2015, badala ya gwaride la Uhuru, Rais Magufuli aliiamuru Tanzania nzima ishike fagio, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimeingia. Na yeye mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na soko la samaki la Feri. Mitaro ilizibuliwa, vichochoro vikafyekwa, majaa yakachomwa moto. Makorokoro yalilitazama jambo hilo dirishani. Yalijua kwamba amri ya serikali hukomea kizingitini, na kwamba wengi katika waliokuwa wakifagia nje siku ile walikuwa na ndani kusikofagilika.

Lakini nikisema kwamba makorokoro hayana adui nitakuwa msifu mwongo. Yanao maadui wa namna mbili, na ni wajibu wangu kuwataja, kwa kuwa mmoja wao ni rafiki aliyejificha.

Huyu ni mtu wa kiapo. Aghalabu hutokea karibu na Idi, au mwezi Januari, au baada ya kukanyaga kitu gizani. Huapa kwamba Jumamosi hiyo nyumba nzima itatolewa nje, kuanzia darini hata uvunguni, na kwamba hakitarudi ndani ila kilicho na faida. Makorokoro yakisikia kiapo hicho hufurahi furaha isiyo kifani. Jumamosi ikifika, kabla ya jua kupanda, masanduku, makapu, mikeka na makasha yamekwisha kujaa uani. Watoto wanakimbia huku na huku. Majirani wamekuja kusaidia, yaani kuangalia. Na mwenye kiapo amefunga kilemba cha kanga kuukuu na ana sauti ya nahodha. Mpaka adhuhuri hakuna kilichotupwa, kwa maana kila kitu kingali kinatolewa. Baada ya chakula mtu mmoja hufungua bahasha, akakuta picha ya harusi ambayo nusu ya waliomo wamekwisha kufa. Basi kazi husimama, watu hukaa chini, na kila uso hutajwa kwa jina, kwa ukoo, kwa deni alilokufa nalo na kwa mke aliyemwacha. Alasiri mtoto hulia kwa sababu gari lake la mabati, ambalo alikuwa hajalikumbuka tangu alipoanza skuli, limewekwa upande wa jaa. Mume hunyakua jiko bovu kutoka upande huo huo na kuuliza ni nani aliyelihukumu bila ya kumshauri. Mke huuliza kama jiko lina haki kuliko vitambaa vyake. Magharibi inaadhiniwa, wingu limetanda upande wa bahari, na kila kilichokuwa uani hurudishwa ndani mbio mbio, si pahali pake pa zamani ambapo angalau palijulikana, bali popote palipo karibu. Na pamoja navyo huingia majaba mawili ya plastiki yaliyonunuliwa asubuhi kwa ajili ya kutengenezea utaratibu. Usiku mwenye kiapo hulala hoi, na kwa muda mrefu baada ya siku hiyo neno la kupunguza vitu halitajwi katika nyumba ile, kwa jinsi lilivyogombanisha watu. Makorokoro yakipata maadui kumi wa namna hii yatatawala milele.

Adui wa kweli ni mwingine, na sura yake haitishi. Mtaani kwetu yuko bibi mmoja mjane ambaye nyumba yake ilikuwa fahari ya ukoo mzima wa makorokoro. Uvungu wake ulikuwa umeshindiliwa hata kitanda kikawa hakihitaji miguu. Bibi huyu hakuapa. Alinunua kikapu cha ukili, kidogo, cha kutosha kuku mmoja, na kila baada ya sala ya alasiri akawa anafungua mtoto mmoja wa meza, au anavuta kasha moja, au anashughulika na upande mmoja wa uvungu. Haendi kwenye la pili. Kikapu kikijaa huacha, na kisipojaa huacha vilevile pindi adhana ya magharibi inapokaribia. Nilipita siku moja nikamkuta amekaa barazani, kikapu ki miguuni pake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Mbona umeacha mapema, nami naona nguvu ungali nazo?”

“Kapu limejaa. Leo nikizimaliza nguvu, kesho nitajidai naumwa.”

Hila yake ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kilichoingia kapuni hakikulala ndani. Vyuma vilimngoja yule kijana anayepita na mizani kununua vyuma chakavu. Chupa zilikwenda kwa muuza asali. Nguo alimpa aliyemjua kwa jina na kwa kimo, si wale “maskini” wa jumla ambao kwa ajili yao sisi wengine huweka mabunda kwenye pembe ya chumba miaka kadhaa bila ya kuonana nao. Vile vilivyomtia shaka alivitia ndani ya boksi, akalifunga kwa kamba, akaandika juu yake mwezi na mwaka, akalisukuma kando. Boksi likipita kutoka Idi hata Idi bila ya mtu kuulizia kitu kilichomo, lilitoka na kamba yake, halikufunguliwa. Nilimuuliza kwa nini asilifungue walau ahakikishe. Alinitazama kama mtu anayemtazama mjumbe wa upande wa pili, na kusema kweli ndiye niliyekuwa. Picha, barua na kanzu ya marehemu mumewe hakuzigusa mpaka vitu vingine vyote vilipokwisha, na alipozifikia mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea kuamua, akabakisha kanzu moja na barua chache akazifunga katika leso. Na siku alipoletewa kanga mpya na mwanawe kutoka Maskati alishukuru, akaivaa, na jioni ile ile akamwita binti wa jirani akampa moja ya zamani.

Nimeutazama uvungu ule kwa macho yangu. Mna paka, mna jozi moja ya viatu, na ukiinama waona ukuta wa pili. Vitu vilivyokaa pale kwa zaidi ya umri wa wajukuu zake vimetawanyika, na hakikupigiwa kelele hata kimoja wala hakuna aliyegombana na mwingine, jambo ambalo kwa wakili wa makorokoro ni la kuhuzunisha kupita vita.

Kwa hivyo nawausia wote wanaoyapenda makorokoro yao na kutaka wawarithishe watoto wao, ambao watakuwa na arobaini nzima ya kuyachambua badala ya kumwombea maiti, kwamba wajihadhari na kapu dogo, nalo likionekana ndani ya nyumba lijazwe vitunguu upesi. Watangaze siku kubwa ya usafi, na waialike familia yote. Wasianze na misumari iliyopinda, kwa kuwa haina mtetezi. Waanze na picha za harusi na barua za marehemu, wazisome moja moja kwa sauti. Wasitoe kitu mpaka wapate anayestahili kikamilifu kupewa. Na likitokea lisilotarajiwa, pakabaki pahali patupu karibu na dirisha, waende Keko kwa maseremala, wakaagize kabati.